Mashini ikikufa, kazi yetu isikufe

Maneno yenye yalisemwa mbele ya vijana, hapa Bunia



Leo sitaongea juu ya barabara, wala juu ya bei ya unga. Nimeombwa niongee juu ya kitu chenye watu wengi wanazania ni mambo ya wafundi tu: namna ya kurudisha mashini, ni kusema kompyuta, yenye imeharibika, kwa kutumia kopi yenye ilichungwa ku nyumba, katika mutandao mudogo wa ku nyumba. Mimi niko na lisansi katika enformatiki, na huu ni mwaka wa pili ninatafuta kazi. Ofisi ya kwenda asubui sina, lakini kazi ya kufanya iko. Hii ni moja.

Mutaniuliza: juu ya nini kundi la wanainchi lisikie habari za diski na kable? Nitajibu na mambo yenye yalifanyika hapa kwetu.

Wengi wetu tulizaliwa wakati wa vita ya Ituri, ao kidogo mbele yake. Tarehe 12/02/2003, kule Rwampara, mulangoni kabisa pa muji wetu, kamera ilichukua video ya Thomas Lubanga akitembelea kambi ya mafunzo ya waaskari. Miaka ikapita. Ile video ikafika La Haye, mbele ya Mahakama ya Kimataifa, yenye tunaita CPI. Tarehe 14/03/2012, waamuzi walitoa hukumu ya kwanza kabisa ya ile mahakama: Lubanga alikutwa na kosa la kuandikisha watoto wenye hawajafikisha miaka 15 na kuwatumia katika vita. Sasa musikie vizuri. Mashahidi wengi wenye waliletwa kama watoto wa zamani wa vita, waamuzi waliona hawawezi kuyategemea maneno yao. Lakini picha za Rwampara ziliingia katika ushahidi wenye waamuzi walitegemea. Maneno ya watu yalitikisika, picha ikasimama.

Siko nafungua tena kesi yenye imekwisha, na sinyooshee kabila lolote kidole. Ninasema kitu kimoja tu: picha yenye ilichungwa miaka tisa ilikuwa na uzito. Kama kungekuwa kopi moja tu, ndani ya nyumba moja, na ile nyumba ikaporwa, leo hatungesema habari yake.

Sasa tuangalie vitu vyetu. Tuko na picha za madaraja yenye yalianguka, na tarehe zake. Tuko na barua zenye tulipeleka ku ofisi, na ile kopi yenye muhuri wa kupokea. Tuko na sauti za mama wenye walikimbia vijiji vyao, wenye walituamini na kutuambia mambo yenye hawakuambia mutu mwingine. Kisha kuko na vitu vya kila mumoja wetu: TFC, memwari, diploma zenye tulipitisha ku skana, dosye ya kuomba kazi. Vyote hivi viko wapi? Mara nyingi viko ndani ya mashini moja. Na hapa Bunia, mashini moja iko na maadui wengi: umeme unaenda na kurudi kwa nguvu, vumbi, flashi yenye imetembea katika sekretaria zote za Bulevari ya Liberation ikabeba virusi, mwizi wa usiku. Na tangu tarehe 06/05/2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, fasi kwenye mutu anaweza kuhama nyumba yake kwa saa moja, na kuacha yote.

Watu wengine wananiambia: weka yote ku wingu, ku intaneti, basi. Ni vizuri kwa mwenye kuwa na mega. Lakini mukumbuke: tarehe 31/12/2018, siku moja nyuma ya kupiga kura, intaneti ilikatwa katika inchi yote, na ilirudi tu karibu tarehe 20/01/2019. Karibu wiki tatu. Mwenye alikuwa na kopi yake yote ku wingu, kwa zile wiki alikuwa na kopi yenye hawezi kugusa. Na hata siku intaneti iko muzuri, kushusha giga 60 kwa mega za kununua, ni shomeri gani ataweza?

Ndiyo maana tunaongea juu ya mutandao wa ku nyumba. Na hapa kuko na jambo moja lenye vijana wengi hawajui: ruta haiombi intaneti ili mashini mbili ziongee. Ruta ya zamani, yenye haina hata mega moja, yenye mutu aliacha ku kona, ukiiwasha na ukaunganisha mashini mbili na kable, zinapelekeana faili bila kulipa hata franka moja. Ule ni mutandao wako. Hakuna mwenye ataukata kutoka Kinshasa.

Sasa niwaelezee yenye tulifanya, hatua kwa hatua, kusudi kila kikundi kiweze kufanya vile vile.

Mashini ya kundi letu ilikuwa inatumika siku ya Alhamisi wakati umeme ulikatika. Batri yake ilikuwa imechoka zamani, haichungi hata dakika tano. Umeme uliporudi, mashini haikufungua Windows. Ilileta skrini ya bluu, ikasema inajitengeneza, ikazimika, ikawaka tena, ikarudia maneno yale yale. Mutu akiona vile anasema: imekufa. Kumbe mara nyingi diski haijakufa, ni sistemu yenye imechanganyikiwa, sababu umeme ulikatwa katikati ya kuandika.

Kopi ilikuwa wapi? Ku nyumba ya kamaradi mumoja, juu ya mashini ya mukono ya zamani yenye skrini yake ilivunjika. Hakuna mutu alitaka kuinunua, juu ya skrini. Lakini kwa kazi ya kuchunga kopi, skrini haina maana kubwa. Tuliichagua kwa sababu mbili: inakula umeme kidogo kuliko mashini kubwa ya mezani, kwa hiyo plaki ya jua ya nyumba inaitosha, na iko na batri yake mwenyewe yenye bado nzima, kwa hiyo delestaji ikikuja, haizimike gafla. Tuliweka ndani yake Linux, yenye ni ya bure, na programu yenye inaitwa Samba, yenye inafanya mashini za Windows zione dosye yake kama vile ni yao. Tukaipa adresi yenye haibadiliki, 192.168.1.10, kusudi siku ya taabu tusianze kuitafuta.

Kopi zilikuwa za aina mbili, na hapa musikilize vizuri. Ya kwanza ni picha ya diski nzima: Windows, programu, mipango, faili, yote. Tunaifanya mara moja kwa mwezi na Clonezilla, programu ya bure yenye inaingia juu ya flashi. Ya pili ni kopi ya dosye za kazi tu, yenye inafanyika kila magaribi wakati mashini iko ku mutandao. Picha ya diski inakurudishia nyumba. Kopi ya kila siku inakurudishia vyombo vya ndani. Ukikuwa na moja tu, utarudi ku nyumba bila vyombo, ao utakuwa na vyombo bila fasi ya kuviweka.

Hatua ya kwanza wakati mashini imeharibika: usirudishe kitu bado. Watu wengi wanakimbilia hapo. Kurudisha picha ya diski kunafuta yote yenye iko juu ya diski leo. Picha yetu ilikuwa ya mwanzo wa mwezi, kopi ya dosye ilikuwa ya Jumatano magaribi. Lakini kazi ya Alhamisi, sauti tatu zenye ziliingizwa asubui ile, zilikuwa juu ya diski yenye kuharibika tu, hakuna fasi ingine. Kwa hiyo tuliwasha mashini na flashi yenye iko na Linux, ile yenye inafanya kazi bila kugusa diski ya ndani. Kwa kuingia vile, unafinya F12, ao F9, ao Esc, kufuatana na aina ya mashini, wakati tu inawaka. Tulifungua diski kwa kusoma tu, bila kuandika, tukakuta zile sauti tatu nzima, tukazikopia juu ya diski ya inje. Kisha tu tukapumua.

Hatua ya pili: uliza diski kama ni muzima. Diski yenyewe inachunga daftari ya magonjwa yake, inaitwa SMART, na Linux inaweza kuisoma. Kama inaonyesha fasi nyingi zenye zimekufa, ao kama unasikia diski inapiga tik-tik kama saa mbovu, usirudishe juu yake. Utakuwa unajenga juu ya muchanga. Tafuta diski ingine, yenye ukubwa sawa ao zaidi, sababu Clonezilla haitakubali picha ya diski kubwa iingie katika diski ndogo. Yetu ilikuwa muzima.

Hatua ya tatu: ruta, kable, umeme. Tumia kable, usitumie wifi. Wakati unawasha na flashi ya kurudisha, mara nyingi wifi haitambulike, na hata ikitambulika, ikikatika katikati utaanza upya. Mbele ya kuanza, hesabu saa. Kable na ruta za zamani zinapitisha megabiti 100 kwa sekonde. Giga 60 ni megabiti 480,000. Gawanya kwa 100: sekonde 4,800, ni kusema saa moja na dakika 20, kama hakuna kitu kinachelewesha. Sisi tulijipa saa tatu. Na kwa zile saa tatu, vitu vitatu vinaomba umeme: mashini yenye inarudishwa, mashini yenye inachunga kopi, na ruta. Wengi wanasahau ruta. Ikizimika ile ndogo, yote inasimama. Tulifanya kazi saa sita za muchana, wakati jua linajaza plaki, hatukungoja umeme wa magaribi.

Hatua ya ine: kurudisha kwenyewe. Unawasha na flashi ya Clonezilla, unachagua Kifaransa kama ni luga yenye inakusaidia, unaiambia picha iko ku seva ya Samba, unaandika adresi, jina na neno la siri, unachagua picha ya tarehe yenye unataka. Kisha itakuuliza irudishe juu ya diski gani. Hapo mutu anyamaze, asome jina na ukubwa wa diski mara mbili, na mutu wa pili asome naye. Kama diski yako ya inje bado imechomekwa, itoe kwanza. Kuko na watu wenye wamerudisha picha juu ya diski yenyewe yenye ilikuwa na kopi. Kazi ya miaka inaenda kwa kufinya mara moja.

Hatua ya tano: kopi ya kila siku inakuja juu ya picha ya mwezi, na zile faili za Alhamisi zinakuja juu ya yote. Kisha unahakikisha. Usiangalie tu kama Windows imefunguka na kufurahi. Fungua faili kumi za miaka mbalimbali. Sikiliza sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Fungua picha, angalia kama tarehe yake ni ile ile. Hesabu faili kabla na nyuma.

Saa kumi tulikuwa na mashini yetu, na hakuna sauti hata moja yenye ilipotea. Gharama ilikuwa kable moja na jua la Mungu.

Wandugu, katika yote hii kuko neno moja lenye ninataka mutoke nalo hapa: kopi yenye hauyajaribu kurudisha, hauiko nayo. Uko na tumaini tu.

Musifikiri ni maneno ya muji mudogo. Mwaka 1998, kule Marekani, studio ya Pixar ilikuwa inatengeneza filme Toy Story 2. Mutu mumoja aliandika amri moja mubaya, na sehemu kubwa ya filme ikaanza kufutika juu ya mashini zao. Walienda ku kopi zao za usalama. Wakakuta zile kopi zilikuwa zimeacha kufanya kazi vizuri, na hakuna mutu alikuwa amejua, sababu hakuna mutu alikuwa amejaribu. Kitu gani kiliwaokoa? Mumoja wa wakubwa wa kazi, Galyn Susman, alikuwa amejifungua mutoto, na alikuwa anafanya kazi ku nyumba. Ku mashini ya nyumbani kwake kulikuwa kopi ya karibuni. Waliifunga katika mablanketi, wakaibeba ndani ya gari pole pole kama mugonjwa. Studio yenye feza nyingi iliokolewa na mashini ya mama mwenye mutoto muchanga.

Na kuko ingine yenye inatuhusu zaidi, sisi watu wa delestaji. Tarehe 27/06/2017, virusi vyenye vinaitwa NotPetya vilianzia Ukraine na vikaenea. Vikaingia katika kampuni ya mashua ya Denmark, Maersk, moja kati ya kubwa zaidi katika dunia. Kampuni ilikuwa na seva karibu 150 zenye zinachunga daftari ya mutandao wao wote: nani ni nani, nani ana haki ya kuingia wapi. Zile seva zilikuwa zinakopiana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo walizania hakuna hatari. Lakini zote zilikuwa zimewaka kwa wakati mumoja, na virusi vikazifuta kwa wakati mumoja. Zote, isipokuwa moja. Ilikuwa wapi? Ghana. Na juu ya nini iliokoka? Sababu umeme ulikuwa umekatika kule mbele ya virusi kufika, seva ikazimika. Walitaka kuipitisha ku intaneti, wakaona ingechukua siku nyingi. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Mumoja akabeba diski mpaka Nigeria, akamupa mwenzake ku uwanja wa ndege, ule ndiye akaifikisha Uingereza. Kiisha kampuni ikaweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi.

Munacheka, na mimi nilicheka. Lakini kuko fundisho ndani. Kopi yenye inabakia imewaka na imefunguliwa siku zote, ugonjwa wa mashini unaifikia nayo. Virusi vya siku hizi vyenye vinafunga faili na kuomba feza, vinatafuta kwanza dosye zenye ziko wazi katika mutandao. Kwa hiyo ile mashini yetu yenye skrini ilivunjika haitoshi peke yake. Kunahitajika kopi ingine yenye imelala: diski ya inje yenye inachomekwa mara moja kwa wiki, kisha inachomolewa na kwenda kulala katika kartiye ingine. Kama mashini iko Mudzipela, diski ilale Bankoko. Kama kopi iko Lumumba, ingine iende Saio. Moto ukiunguza nyumba moja, ao mwizi akiingia, ao watu wakihama, ingine inabakia.

Mupiga picha mumoja wa Marekani, Peter Krogh, alifupisha yote hii kwa tarakimu tatu, na sasa wafundi wa dunia yote wanazitumia: 3, 2, 1. Kopi 3 za kila kitu, juu ya vyombo vya aina 2, na 1 kati yao katika fasi ingine. Mimi ninaongeza kwa ajili yetu: musichunge picha ya tarehe moja tu. Kama virusi viliingia wiki mbili zilizopita na wewe uko na picha ya jana tu, utarudisha mashini pamoja na ugonjwa wake. Chunga picha za miezi mitatu, futa ya zamani wakati mupya imejaribiwa.

Sasa nifike ku jambo lenye linaniogopesha, na sitaki tulipitie haraka. Kopi ni ulinzi, lakini kopi ni hatari pia. Kila fasi kwenye unaweka kopi, ni mulango mupya. Ile mama mwenye alituambia jina la mutu mwenye aliunguza nyumba yake, hakutuambia kusudi jina lake likae juu ya diski tatu katika kartiye tatu, zenye mutu yeyote anaweza kuchomeka na kusoma. Kama diski inaanguka katika mikono mubaya, si sisi tutalipa kwanza. Ni yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kuzidisha kopi, tufunge. Kuko programu ya bure, VeraCrypt, yenye inageuza dosye nzima kuwa kitu chenye hakisomeke bila neno la siri. Neno lile likuwe refu, likuwe maneno kadhaa, si tarehe ya kuzaliwa, si jina la muchumba. Lijulikane na watu wawili, si mumoja, sababu mumoja anaweza kugonjwa ao kusafiri. Na si kumi, sababu kumi ni soko. Majina ya mashahidi yakae katika faili yake peke yake, mbali na sauti na picha. Ku sauti muandike namba tu. Na yenye haihitajike tena, ifutwe katika kopi zote. Mutu akituomba tufute maneno yake, tuweze kumujibu kwa kweli: tumefuta, na tunajua fasi zote kwenye ilikuwa.

Najua kuko mwenye anasema ndani ya moyo: sisi hatuna kazi, tunatafuta chakula, huyu anatuletea mambo ya kopi. Ndugu yangu, ni sababu hatuna kazi ndiyo hatuwezi kupoteza. Mwenye mushahara, memwari yake ikipotea, atalipa mutu aandike upya. Wewe utalipa na nini? Mwaka jana nilikuta mwanafunzi analia ku mulango wa sekretaria moja ya hapa muji. Mashini ya pale ilikuwa imekufa na memwari yake ndani, na tarehe ya kuitetea ilibakia siku nne. Miaka ya masomo, minerval ya wazazi, mbuzi zenye ziliuzwa kule kijiji, yote ilikuwa ndani ya diski ya mutu mwingine. Hakuna mwanafunzi wa Bunia anapaswa kulia vile tena, wakati kuko wafundi wenye diploma wamekaa chini ya miti katika kila kartiye.

Na hapa ninaongea na serikali pia, na wakubwa wa ofisi, kwa heshima. Kitabu cha kuandikisha watoto wenye wanazaliwa, karatasi za mashamba, alama za wanafunzi: kama ziko katika kitabu kimoja ao mashini moja, katika nyumba moja, basi haki ya mwanainchi inategemea paa ya ile nyumba. Inchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Karatasi chache zenye tuko nazo juu ya nani ni nani, tuzichunge kama mbegu. Tunaomba kila ofisi ya muji na ya komini ikuwe na kopi ya pili, katika jengo lingine, na siku moja ya mwaka yenye wanajaribu kuirudisha mbele ya watu. Haiombi milioni za dola. Inaomba diski, kable, na kijana mwenye anajua. Vijana wenye wanajua wako hapa, wamekaa mbele yangu.

Yenye ninaomba kwenu ni haya. Kila kikundi cha kartiye kichague watu wawili, kijana na dada, wenye watachunga kopi. Mwisho wa mwezi huu, kila kikundi kikuwe na ruta ya zamani, kable moja, mashini moja yenye hakuna mutu anaitaka, na diski moja ya inje yenye inalala katika kartiye ingine. Mwenye hana diski aseme, tutachanga. Mwenye hajui Clonezilla aje, mimi na wenzangu tutafundisha bila kuomba kitu, hata mara kumi.

Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tutafanya zoezi. Tutachagua mashini moja kwa bahati, tutaweka diski tupu ndani yake, na tutasema: ya zamani imekufa. Kisha tutaangalia saa, tuone kikundi kinachukua wakati gani kuirudisha. Kikundi chenye kitashindwa, tutakisaidia palepale, na tutashukuru kwamba kimeshindwa Jumamosi, wakati tuko wote, na haikuwa usiku wa taabu.

Jumamosi yenye inakuja tunaanza. Mulete flashi, hata yenye iko na virusi. Tutaisafisha.